Herufi Sita, Tarakimu Nne

Kila asubuhi, chai ikiwa bado ya moto,
nilikuandika.
Herufi sita, tarakimu nne,
M kubwa, kama nilivyokufundisha kuanza jina.
Kompyuta ilikuficha kwa vinukta vyeusi
vilivyojipanga kama siafu,
kisha mlango wa benki unafunguka
na pesa ya asali ya watu themanini na watatu
inakaa mbele yangu, mimi mtunza hazina,
chumba cha nyuma, Isevya,
harufu ya nta hadi kwenye pazia.

Kwa Kinyamwezi mihayo ni maneno.
Waliponiambia nichague neno la siri
nilikuchagua wewe, Mihayo,
na mwaka uliokuleta.
Ule uliokuchukua sikutaka kuuandika popote.

Halafu ikaja ile barua pepe ya Machi:
*Ndugu mteja, akaunti yako inafungwa leo.*
Nikabofya. Rangi ni ile ile, nembo ni ile ile,
hata ule upole wa kibenki.
Kwenye anwani herufi moja ilizidi,
kama kidole cha sita,
na mimi sikuhesabu vidole.
Nikakuandika mlangoni kwa mwizi.
Nilikukabidhi kwa mkono wangu, mwanangu.

Milioni sita na laki mbili.
Ndoo za Sikonge, ndoo za Ipole,
kope zilizovimba za waliorina usiku.
Kalunde, mwenyekiti, alisimama mkutanoni:
"Mwizi wa nini kuvunja dirisha,
ikiwa ndani yuko wa kumfungulia?"
Sikumjibu.
Ningemwambia nini, kwamba wameiba na jina?

Kijana wa benki, Ng'wandu, alileta funguo mbili,
kila mmoja sawa na ukucha wa kidole gumba.
"Huu hauna neno," alisema.
"Hauandikwi, haukaririwi.
Unauchomeka, unaugusa, basi."
"Na nikidanganywa tena?"
"Wewe utadanganyika, mama. Wenyewe, hapana.
Unaujua mlango ulioandikishwa nao.
Ukipelekwa kwingine,
hata herufi moja ikizidi,
unanyamaza."

Alijiandaa kutufafanulia mchana kutwa.
Lakini nani asiyejua, katika chumba kile,
kwamba nyuki harudi mzingani kwa rangi ya gome?
Mizinga mia itundike, yote ya mti mmoja,
ataupita huu, ataupita ule,
na huwezi kumbembeleza.

"Wa pili ni wa akiba," alisema akifunga mkoba.
"Usilale nyumba moja na wa kwanza.
Mpe mtu."

Mtu.
Siku nne niliutembeza ndani ya pochi.
Ya tano nikaenda kwa Kalunde.
Aliutazama, akanitazama,
akaufunga kwenye pindo la khanga, fundo mbili,
akaniuliza kama mvua imefika kwetu.
Radhi hakuomba.
Nikiwa nimeshavuka uzio aliniita,
akanipa chupa ya asali ya nyuki wadogo,
ile chachu, ya dawa,
ambayo haiuzwi kwa mtu usiyemtaka.

Sasa nachomeka, nagusa,
kataa ka kijani kanawaka, nimeingia.
Haraka mno.
Wiki ya kwanza vidole viliendelea kwenda kwenye M,
vikasimama pale kama watoto
waliofika shule siku ya sikukuu.

Sina tena pa kukuandika.
Basi nakutaja, kwa sauti,
mlango ukiwa wazi, fundi cherehani wa jirani akisikia,
kwa maana wewe si siri tena:
*Wangaluka, Mihayo.*

Ufunguo unanyamaza.
Sio mlango wake.